Nyota ya Mama Tekla

Mama Tekla hajawahi kuonja pombe, lakini hakuna mtu Sinza anayebeba chupa nyingi kuliko yeye. Kila asubuhi hupita kwenye baa na mfuko wa salfeti, akiokota za mvinyo na za pombe kali. Za bia haachiwi. Hizo hurudi kwenye kreti.

"Shikamoo mama. Naona jana ulikesha," humtania Loveness, mhudumu wa baa ya jirani.

"Marahaba. Nilikesha nikikuombea. Lete hiyo ya kijani."

Nyumbani, mpiga chapa huyu mstaafu huizungushia chupa uzi uliolowa mafuta ya taa, huuwasha, kisha huitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi. Ta! Imekatika. Akishapiga msasa kingo, anapata glasi, taa au chombo cha maua.

Mwaka huu alitaka kufanya jambo kubwa zaidi. Dirisha la juu ya mlango wa kanisa lao lilikuwa limezibwa kwa mbao tangu lilipovunjika, naye akaomba alijaze vitako vya chupa. Mzee Elibariki, mwenyekiti wa ujenzi, alikunja uso.

"Chupa za baa kanisani? Nitaziona kwanza."

Kwa miezi mitatu Mama Tekla alifanya kazi akijua kwamba neno moja la mzee huyo lingezirudisha chupa zote jalalani.

Siku ya ukaguzi aliegemeza fremu kwenye nondo za baraza yake. Jua likapenya, sakafu ikajaa kijani, kahawia na bluu. Katikati alikuwa ameweka kitako kisicho na rangi, chenye alama ya nyota. Alikitafuta wiki nzima: nyota ya Bethlehemu. Hakujua kwamba wanywaji wote wa Sinza wanaifahamu nyota ile, maana ndiyo inayobaki ikiwatazama kinywaji kinapoisha.

Mzee Elibariki alivaa miwani, akainama.

"Hii ya katikati," alisema, "si ndiyo ile ya..."



"Ya nini, baba?" aliuliza Mama Gladness, mhazini wa kanisa aliyekuja naye, kwa upole mno.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa leso, taratibu sana.

"Ya Bethlehemu."

"Nilijua wewe utaitambua," alisema Mama Tekla kwa furaha.

Mama Gladness aligeuka pembeni kukohoa. Jumamosi mafundi walizing'oa mbao, na aliyewashikia ngazi alikuwa Mzee Elibariki mwenyewe.