Jina Alilorithishwa Vaileth

Mwalimu Eufrazia hakuwa mtu wa kukaa ofisini kusubiri wanafunzi waje. Alikuwa akiwafuata. Akimkuta binti wa watu anakaanga mihogo saa nne asubuhi, anamuuliza bila kupepesa macho, "Wewe uliishia kidato cha ngapi?" Watu wa Gongo la Mboto walishamzoea. Wengine wakimwona kwa mbali wanajifanya wana haraka, wengine wanacheka. Lakini katika hao wanaocheka walikuwemo waliokwishapita kituoni kwake, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, wakarudia masomo huku wananyonyesha.

Vaileth naye Mwalimu alimkuta saluni. Siku hiyo Mwalimu alikaa kitini asukwe, akainua macho kwenye kioo, akamwona msichana aliyeshika kitana amesimama kimya nyuma yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu akamtambua palepale. Alikuwa amemfundisha msichana yule huko kwao Muleba, na alichomfanyia alikuwa hajamwambia mtu.

Miaka kumi na mitatu nyuma Vaileth alifanya mtihani wa darasa la saba ana malaria, akafeli. Kurudia darasa kulikuwa marufuku, lakini shule ile ilikuwa na njia yake, na walimu wote waliijua. Mtoto akihama bila barua, jina lake halifutwi daftarini, linaachwa lipate mrithi. Mwaka huo lilikuwepo jina la Yuliana, ambaye wazazi wake walihamia Geita bila kuaga. Mwalimu Eufrazia akamwita Vaileth pembeni akamwambia: kuanzia leo akiitwa Yuliana, itika. Mtoto akaitika. Akafaulu vizuri tu, akasoma sekondari kwa jina hilo hadi kidato cha tatu, alipopata mimba na kufukuzwa.

Sasa ana miaka ishirini na saba, mwanawe anasoma, na yeye amejiunga na kituo cha Mwalimu, anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tabu ni kwamba kitambulisho chake kinasema Vaileth, matokeo yake ya kidato cha pili yanasema Yuliana, na bila matokeo hayo hasajiliwi. Mwalimu, badala ya kusema ukweli, akamtuma mahakamani akaape kwamba majina yote mawili ni yake, moja la nyumbani, moja la ubatizo. "Ni karatasi tu hiyo," alimwambia. Tena akawa anamwita Yuliana hata darasani, ili asije akajisahau. Mtu mzima na akili zake!

Ijumaa ya mwisho ya usajili wakaitwa ofisi ya elimu, saa nane na nusu mchana. Afisa aliyewapokea, Bi Najat, alikuwa mdogo kwa Mwalimu kwa miaka ishirini na zaidi.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba, mama."

Baada ya hapo hakukuwa na mazungumzo ya kuulizana hali. Bi Najat akaweka kiapo mezani, akakigeuza kiwaelekee.

"Nimepiga simu Muleba. Vaileth alifanya darasa la saba, akafeli. Yuliana ni mtoto mwingine, alihamia Geita akiwa darasa la sita, na yupo hai. Sasa huyu kaapa nini?"

Vaileth akainamisha kichwa.

"Dada, nakuuliza wewe. Hili jina nani alikupa?"

"Nilijipa mwenyewe."

Mwalimu alisubiri binti amtazame japo kidogo, amlaumu kwa jicho tu. Hakumtazama.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Wa miaka kumi na minne ndiye akafungua daftari la shule akajiandika?"

Bi Najat akavua miwani, akaongea taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Sikutishi, mdogo wangu. Ukisema ulijipa, hiyo ni kughushi, na kiapo cha uongo juu yake. Usajili hupati, faili lako linakwenda kwa wanasheria. Lakini kama mtu mzima ndiye alikuandika, wewe ulikuwa mtoto. Mtu huyo aje aandike maelezo yake hapa, yathibitishe kwamba matokeo yale ya kidato cha pili ni yako, nami nitakusajili kwa jina lako halisi. Tena leo hii, maana mfumo unafungwa saa tisa na nusu."

Saa ya ukutani ilisema saa tisa kamili.

Tuseme ukweli, Mwalimu Eufrazia alinyamaza. Yeye aliyekuwa na neno kwa kila mtu njiani, alinyamaza dakika nzima, na nyingine. Aliwafikiria wanafunzi thelathini na mmoja wanaomsubiri. Kituo kikifungwa, hao watakwenda wapi? Sababu hiyo ilikuwa nzuri, ilimpendeza, na alipokuwa akiigeuzageuza kichwani akajua ndiyo ileile aliyojipa Muleba, kwamba anaokoa watoto. Akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Vaileth akachukua mkoba wake, akainuka. "Mwalimu, tuondoke. Mie narudi tu saluni, nina mtu nilimwacha nusu kichwa."

"Kaa chini, Vaileth."

Binti akageuka kumtazama. Jina hilo hakuwa amelisikia mdomoni mwa Mwalimu tangu Muleba.

"Nililiandika mimi," Mwalimu akamwambia Bi Najat. "Kwa mkono wangu. Na hicho kiapo nilimtuma mimi, yeye hakutaka."

"Unajua kituo chako kitasimamishwa?"

"Najua. Nipe karatasi."

Aliandika kurasa mbili. Mistari ikapanda na kushuka, yeye aliyezoea kuwagombeza watu wazima kwa mwandiko. Alipotia sahihi zilibaki dakika tisa. Bi Najat akaanza kujaza fomu kwenye kompyuta, mtandao ukakwama. Akarudia. Ukakwama tena. Vaileth alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Zikiwa zimebaki dakika mbili mashine ya kuchapa ikaguruma, ikatoa karatasi yenye picha yake na jina lake, Vaileth, na masomo saba chini yake. Binti akaisoma akilia waziwazi, kamasi na yote.

Mwalimu akashusha pumzi. Akaokota mkoba wake, akidhani yamekwisha.

"Mwalimu, bado," Bi Najat akasema. "Huyo Yuliana nimeongea naye jana. Mwaka juzi alikwenda kujiandikisha masomo ya watu wazima hukohuko Geita. Akaambiwa mtu mwenye jina lake, shule yake na tarehe yake ya kuzaliwa ameshafika mpaka kidato cha pili. Wakamwita tapeli, wakamrudisha nyumbani. Mpaka leo anauza nyanya."

Mwalimu Eufrazia akakaa tena kitini. Miaka yote hiyo Gongo la Mboto akiwafuata watu hadi vibandani kuwarudisha shule, na huko Geita kulikuwa na mlango aliokwisha kuufunga kwa kalamu yake. Hakutafuta sababu safari hii.

"Nipe namba yake," akasema.

Bi Najat akaiandika pembeni mwa bahasha. Mwalimu akapiga palepale, mbele yao wote wawili, maana alijijua: akitoka nje ya mlango ule ataahirisha. Simu ikaita sana. Ikapokelewa na sauti ya mwanamke, sokoni, makelele tele nyuma yake.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Yuliana? Ni Mwalimu Eufrazia. Wa Muleba."

Kicheko cha furaha kikatoka simuni, kikajaa ofisini.

"Mwalimu wangu! Shikamoo! Jamani, Mungu ni mkubwa, nimekutafuta mwaka wa pili huu! Kuna mtu ameniibia jina langu, Mwalimu. Wakaniambia nitafute mwalimu wangu wa zamani anayenijua, aniandikie barua. Nikawaambia yupo mmoja, huyo hawezi kuniangusha."