Swali la Chumba cha Mionzi

Kwao walimwita Chiriku, kwa jinsi alivyopenda kusema. Miezi minane sasa alikuwa akishona sare katika ghala lenye madirisha yaliyopigiliwa misumari, yeye na mdogo wake wa kike, na maneno yalikuwa yamemwishia. Mwanamke aliyewaleta, ambaye waliamriwa kumwita Shangazi, ndiye aliyeshika pasipoti zao na ufunguo.

Sindano ya cherehani ilipomkatikia kidoleni, Shangazi alimpeleka hospitali mwenyewe. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza muuguzi aliuliza, "Nyumbani kuna shida yoyote?" Goti la Shangazi likagusa la Chiriku. "Hamna," Chiriku akajibu. Muuguzi akaandika hamna, yakaisha.

Leo muuguzi alikuwa mwingine. Shangazi alijibu kila swali. Hata maumivu aliyasimulia yeye.

"Kumbe kidole ni chako, mama?"

"Mtoto wa kaka yangu. Ana haya huyu."

"Basi mwenye haya akapigwe picha ya mionzi." Muuguzi akatia alama pembeni ya fomu.

Mpiga picha, mzee mwenye kitambi, aliisoma ile alama, kisha akaziba mlango kwa mkono. "Wewe bibie baki nje. Mionzi haijui shangazi wala mjomba."

Mlango ukafungwa. Chiriku akalaza kiganja juu ya meza baridi.

"Mnapolala, binti, ufunguo anakaa nao nani?"

Akisema, mdogo wake yuko kule mikononi mwa msimamizi wa ghala. Asiposema, wataozea humo wote wawili.

"Ustawi wa jamii wapo mlango wa tatu," mzee alisema taratibu. "Simwiti mtu mpaka uniambie."

"Anakaa nao yeye. Na mdogo wangu yuko ndani."

"Basi tuanze na mdogo wako. Ni mtaa gani?"

Mara zote mbili Chiriku alikuwa ameletwa nyuma ya gari la mizigo lisilo na dirisha. Hakujua mtaa.

"Jamani, kidole kimoja tu!" Shangazi akagonga mlango.

"Ametikisika, tunarudia!" mzee akafoka, kisha akanong'ona, "Unasikia nini ukiwa huko?"

"Kengele ya shule. Upande wa choo... mashine ya kupasua mbao."

Mzee akainua simu kuwaita wa mlango wa tatu. Picha ilikuwa imekwisha kitambo, lakini Chiriku hakuthubutu kuondoa mkono mezani.