Pori la Klementina

Klementina na mumewe Ubaldo walipohamia upande huu wa Kasokola, miombo ilikuwa kila mahali. Hakuna aliyeshangaa walipolima sehemu ya juu tu ya shamba lao, na ile ya chini, kando ya kijito, wakaiacha ilivyo. Ubaldo alipenda kuamka na kukuta pongo wameshuka kunywa maji na kuacha alama za kwato kwenye tope. Sababu yake ilikuwa hiyo tu. Alipofariki kwa presha, mkewe akaendelea pale alipoishia.

Kazi ya kulitunza pori ilikuwa kubwa kuliko watu walivyodhani. Kila mwaka mvua zikikatika, majani yakiwa bado na unyevu, Klementina alifyeka ukanda kulizunguka na kuyachoma ya pembeni taratibu, ili moto mkali wa Septemba ukija ukose cha kula. Kijito kilipojaa mchanga alikizibua. Waliokuja na mashoka kutafuta mninga au miti ya mkaa aliwarudisha, wengine kwa maneno mazuri, wengine kwa matusi ya Kikonongo ambayo hata wasiokijua waliyaelewa.

Majirani wakaongezeka, na kila aliyefika alifyeka hadi mpakani. Pori lililokuwa limeungana na msitu mkubwa likabaki peke yake katikati ya mahindi na alizeti. Mwanzoni wanyama waliongezeka, naye akafurahi, kumbe walikuwa wamekosa pengine pa kwenda. Wawindaji nao hawakuwa tena na haja ya kuzunguka. Walitega nyaya kwenye vijia vinavyotokea mashamba ya watu, ambako yeye hakuwa na sauti. Asubuhi moja alikuta pongo jike amenaswa mguu, yu hai. Alipojaribu kumfungua, mnyama alihangaika hadi mguu ukavunjika. Ikabidi amwite jirani yake Japhet aje kumchinja. Nyama ile Klementina hakuionja.

Japhet ndiye aliyebaki kumtembelea wengine walipoanza kununa kwa sababu ya wanyama waliotoka porini kula mazao yao. Alikuwa amelelewa na Ubaldo kama mdogo wake, na Dorice, mkewe, alikuwa akimletea Klementina mboga bila kuombwa.

Kisha akaja tembo. Mchana alilala ndani ya pori la Klementina, jioni akatoka kula mahindi ya watu. Watu walipiga madebe, wakachoma pilipili, wakachoka. Askari wa wanyamapori walifika, wakafyatua risasi hewani, wakaondoka, tembo akarudi. Alfajiri moja Dorice alishika njia ya kisimani na ndoo yake, akakutana naye kwenye kona ya shamba. Walimzika jeneza likiwa limefungwa.

Baada ya matanga, Japhet alikwenda kwa Klementina. Aliwekewa kiti, hakukaa.

"Shemeji, simlaumu mtu," alisema. "Ila yule mnyama alikuwa analala kwako."

"Najua."

"Sasa unatuambiaje?"

Klementina alikuwa na la kusema. Kama kila mmoja angeacha kipande kidogo, tembo angepata njia ya kupita na kwenda zake. Hilo alikuwa amelisema kwenye mikutano mpaka watu wakaanza kumcheka. Lakini alimtazama Japhet, shati lake limefungwa vifungo vya kupishana kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumwambia.

"Kateni," alisema. "Kateni nyie wenyewe. Mimi siwezi."

Walikuja na mashine ya kukatia miti. Mwanawe Leonidas, anayeendesha bodaboda Mpanda mjini, alirudi kusimamia, na kusema kweli alikuwa ameisubiri siku hiyo muda mrefu. Klementina alijifungia ndani. Miti ilipoanguka, ngedere walitoka mbio kuvuka shamba tupu, na mbwa wakawafuata. Kelele alizisikia zote.

Mvua zilizofuata Leonidas alipanda mahindi pale chini, yakastawi, na tembo akaja kuyala. Sasa hakuna aliyejua analala wapi mchana, na wanawake wakaogopa njia zote, si ile moja tu. Kiangazi kijito kikakauka mapema kuliko mtu yeyote alivyokumbuka. Japhet alifunga nyumba akahamia Majimoto kwa ndugu zake, akaanza kulima mpunga. Kabla ya kuondoka alikuja kuaga, wakazungumzia mvua na hali ya barabara. Dorice hawakumtaja.

Klementina bado yupo. Halaumiwi tena na mtu, na hata mikutanoni hakuna anayemngoja aseme kitu. Alijaribu kuyalinda machipukizi yaliyoota kwenye visiki, ila ng'ombe wa wapita njia waliyamaliza. Kuni zimekuwa mbali, kwa hiyo Leonidas humletea gunia la mkaa uliochomwa kwa miti ile ile ya baba yake. Miezi ya kwanza aliuacha nje unyeshewe. Siku hizi anaupikia.