Mia Tatu Niliyoisoma Mia Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilitiwa risasi moja kiganjani nikaulizwa ni kitu gani. Aliyeniuliza ni Msimamizi wa Ghala la Silaha pale mji wa Adam, mtu wa Unguja kama mie, aliyekuja Omani kabla yangu. Nikajibu, risasi. "Risasi ni hiki kichwa tu," akanambia. "Hili ganda la shaba. Ndani mna baruti, na huku kitakoni pana fataki ya kuiwasha. Ukinambia 'risasi' tena bila kutaja uzito wa kichwa chake, utafute kazi nyengine." Nilikuwa ndiyo kwanza nimeoa. Nikashika adabu.

Kituo chetu kililinda wanyama wa mwituni, na watu hudhani mlinzi wa wanyama hapigi bunduki. Hupiga. Swala aliyegongwa na gari akavunjika mgongo humwachi akateseka juani, na mbwamwitu aliyeingiwa na kichaa humwachi akafika majumbani. Kazi yangu mie ilikuwa kumchagulia mlinzi bunduki na risasi ya kwendea.

Tulikuwa na namna mbili za risasi. Ile ndogo, iitwayo mbili-mbili-tatu, kichwa chake chepesi na kina mbio. Kwa karibu humtosha mbweha, na mbwamwitu pia, na ikigonga jiwe mara nyingi huvunjika hapo hapo. Lakini ukiipitisha mita mia mbili huchoka, na upepo huisukuma shubiri nzima na zaidi. Ile kubwa, tatu-sufuri-nane, ni nzito. Hiyo ndiyo ya swala, na ndiyo ya mbali, ila ikikosa hujui itakwendea wapi, basi lazima nyuma ya mnyama pawe na mlima wa kuipokea. Kila namna na bunduki yake, huwezi kubadilisha. Wajukuu zangu wanaokwenda kuwinda nchi za watu kwa vibali vyao huniuliza ipi bora. Nawauliza na mie: mnyama gani, umbali gani, nyuma yake pana nini? Wanatazama simu zao.

Baada ya miaka mingi ya Adam nikahamishiwa Sinaw, na huko ndiko nilikokutana na Mudiri wa Kituo, mkubwa wetu, mtu wa Nizwa, mpole wa maneno na mwepesi wa kalamu. Maagizo yake yote yalikuja kwa vikaratasi, na mwandiko wake ulinishinda. Kiarabu nilikisoma chuoni Unguja, kwa msahafu, herufi za chapa. Khati ya haraka ya mkono sikufundishwa. Ningemwambia nani? Wenzangu walishaniita Zinjibari, yaani si Mwarabu kamili, kwa mzaha, nami nilikuwa na khofu mzaha ule ugeuke ukweli, waseme huyu hata kusoma hajui. Nikanyamaza miaka miwili, nabahatisha.

Asubuhi moja ikaletwa khabari kwamba mbwamwitu mwenye kichaa anazunguka mlimani, ng'ambo ya wadi, lile bonde kavu la mto, mbele ya zizi la Bi Shamsa. Bi Shamsa alikuwa mjane wa Kibedui, mwenye mbuzi wake na hana mtu mwengine. Alikuwa siku ya tatu kajifungia zizini nao, hawajala jani. Mlinzi wetu Hamadi alikuwa keshachaguliwa mahali pa kupigia, nyuma ya jabali mbele ya zizi. Amri ilikuwa asimsogelee zaidi mnyama, na apige mara moja tu, kwa sababu akimjeruhi huenda akateremka moja kwa moja zizini. Karatasi ya Mudiri ikanifikia: mbwamwitu, na umbali wake. Nikasoma mita mia mbili. Nikampa Hamadi bunduki ndogo, akaondoka.

Haikupita nusu saa, dereva akaniletea matairi ya gari na karatasi nyengine ya Mudiri ya kuyapokelea. Karatasi inasema mawili. Nikatazama chini, matairi matatu. Nikamwambia dereva moja limezidi. Akacheka, "Hebu soma vizuri, babu. Matatu hayo."

Nikaichukua karatasi ya asubuhi, nikaiweka kando ya ile ya matairi. Katika chapa, tarakimu ya Kiarabu ya tatu ina meno mawili juu, ya mbili ina moja. Mudiri kwa mbio zake tatu huipa jino moja. Simu kule wadini haishiki. Wallahi nilifikiri kunyamaza, niseme Hamadi mwenyewe ataona. Kisha nikamfikiria yule mwanamke na mbuzi wake, nikaenda.

"Mudiri, nimekosea kusoma. Nimempa Hamadi ndogo."

Akasimama. "Toa bunduki kubwa. Panda gari."

Aliendesha mwenyewe mpaka tulipoacha lami. Hapo akaniuliza, "Tangu lini hunisomi?"

"Tangu nilipokuja."

"Na siku zote unafanyaje?"

"Nabahatisha, Mudiri."

Akaongeza mwendo. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulizima gari mbali tukaenda kwa miguu. Hamadi alikuwa kalala nyuma ya jabali, kidole hakijagusa kifyatulio. Alipotuona akanong'ona, "Hii haifiki, na upepo huu. Nikasema nisubiri, huenda akasogea." Nikampa kubwa. Akangoja mpaka mnyama akasimama ubavu, mlima wote nyuma yake. Mlio mmoja. Mbwamwitu akaanguka pale pale, hakutikisika.

Bi Shamsa akafungua zizi, mbuzi wakatoka wakisukumana, naye akakaa chini akalia. Mie nikalia naye, wala sikuona haya.

Kesho yake Mudiri akaniita. Nikavaa kanzu safi, nikijua ni barua ya kufukuzwa. Mezani palikuwa na karatasi tupu na kalamu mbili. "Andika moja mpaka kumi unavyojua wewe," akasema, "na mie nitaandika ninavyojua mie." Tukaandika mpaka adhana ya adhuhuri. Tangu siku ile umbali akiuandika kwa maneno.

Nimestaafu, nakaa Ibra, na nashukuru Mungu kwamba miaka ile miwili ya kubahatisha haikumwua mtu. Ghala la Sinaw nilimwachia binti aliyezaliwa hapa hapa Omani, wazee wake wa Pemba, amesoma chuo kikuu. Kazi nilikuwa nimfundishe mwezi mzima kabla sijamkabidhi. Siku ya kwanza tu alinijia na karatasi ya maagizo, mbele ya walinzi wote, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Babu, hii karatasi mimi sijui kusoma yake."

Nikampa funguo za ghala siku ile ile.