Masomo Nyuma ya Mlango wa Mama Mkwe

Mwanangu, kuna siku moja ambayo sijaisahau mpaka leo, ingawa ningependa. Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nilikuwa mwalimu kijana hapa Kakamega, suruali imepigwa pasi na kichwa kimejaa majivuno. Mkaguzi aliingia darasani, akafungua kamusi ya Kiingereza, akaniambia nisome zile alama za matamshi zinazoandikwa kando ya neno. Sikujua hata moja. Nilibahatisha, watoto wakacheka. Akanipa miezi mitatu: nikishindwa tena, kazi basi.

Mke wangu, Nekesa, akaniambia, "Mama anazijuanga hizo alama."

Katika usichana wake, mama huyo wa Nekesa alimsaidia mmisionari mmoja kuandika maneno ya lugha yetu kwa alama hizo hizo. Nilimkaripia Nekesa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hata kutazamana ni aibu. Lakini nikuambie ukweli, sikuwa nikilinda mila. Niliona haya kufundishwa na mama anayelima mahindi kijijini Navakholo. Miezi miwili ikaenda hivyo, bure kabisa.

Mwishowe hofu ilinizidi, nikapanda baiskeli mpaka kwake. Nekesa alikuwa amempelekea habari, na mama mkwe alikuwa ameshapanga kila kitu: yeye ndani, mlango umefungwa, mimi nje kwenye kigoda, kamusi magotini.

"Mkwe, umeona hiyo n yenye mkia?"

"Nimeiona, mama."

"Hiyo ni sauti ya mwanzo wa neno ng'ombe. Umeitamka tangu utoto, sasa unaogopanga nini? Na hiyo e iliyopinduliwa, iseme kama mtu amechoka. Usipanue mdomo."

Nilikwenda kila Jumamosi. Mkaguzi aliporudi, nilisoma kila alama aliyonionyesha, naye akanipa mkono. Jioni hiyo nilipeleka habari kwenye ule mlango. Nikamsikia mama analia huko ndani.

"Miaka hii yote," akasema, "hakuna mtu aliniuliza ninajua nini."

Mwanangu, nililia pia, huko nje.

Basi nakusihi, usilolijua liulize mapema, na umuulize anayelijua, hata akiwa na jembe mkononi. Mila haikunizuia, nilijizuia mwenyewe. Mungu akupe mwalimu kama wangu, ambaye uso wake sikuutazama na sauti yake naisikia kila nikifungua kamusi. Na akujalie usichelewe kumwendea.