Nati Tatu Nilizozifunika kwa Tepu

Nakumbuka asubuhi moja pale Garsen, mwanangu, mwaka uliofuata mafuriko ya El Nino, nilipokuwa na miaka ishirini na sita na kichwa kikubwa kisichoingia kofia yoyote ya sokoni. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa pampu ya umeme iliyovuta maji ya Tana kuyapeleka kwenye mashamba ya mpunga. Jenereta yake ikinguruma, sauti ilifika hadi msikitini, na watu wakasema, "Maro kaamka." Ah, nilivyopenda kusikia hivyo!

Mafuriko yalikuwa yamechukua kila kitu. Tulikula mahindi ya msaada mpaka tukayachoka, na mpunga ule mpya ndio uliokuwa tumaini letu la kula cha kwetu tena. Mota ya pampu tuliitoa matopeni, ikapelekwa kukaushwa, ikarudi. Siku ya kuiunganisha, washa za springi zinazozuia nati zisilegee ziliniponyoka zikazama kwenye tope. Kupata nyingine ilikuwa mpaka Malindi. Basi nikakaza nati tatu za kubana nyaya bila washa, nikazizungushia tepu nyeusi vizuri kabisa, nikafunga kisanduku cha nyaya ubavuni mwa mota. Tepu ile haikushika nati yoyote, mwanangu. Ilinificha mimi tu.

Mlinzi wa pampu alikuwa Mzee Bonaya, Muorma aliyepoteza ng'ombe wengi katika maji yale. Waliobaki aliwapitia kila alfajiri mmoja mmoja, akiwashika masikio kuona kama yupo mwenye homa, ndipo aje kazini. Mwezi wa tatu tangu pampu ianze, alinifuata.

"Wewe fundi, hii mashine iko na homa. Sanduku ni moto hapa upande moja, na iko harufu."

"Mzee, hii si ng'ombe," nikamjibu, na vijana wenzangu wakacheka.

Yeye hakucheka. "Mimi ng'ombe yangu nashika kila siku. Wewe hii yako umefungua lini tena?"

Kuzima, kufungua na kukaza kungenichukua chini ya saa moja. Lakini ningefungua mbele yake, angeiona ile tepu. Nikamwambia aende akalinde lango lake.

Siku ya tatu baada ya hapo, mpunga ukiwa unachanua, mota ilivuma vibaya, ikatoa moshi, ikanyamaza. Nati moja ilikuwa imelegea kwa mtikisiko, waya wake ukashika moto mpaka ukakatika, na mota ikajilazimisha kwa nyaya mbili zilizobaki hadi ikaungua ndani. Mota nyingine ilifika baada ya zaidi ya mwezi.

Wenye mashamba karibu na mto waliokoa kidogo kwa ndoo, huku jicho moja likiangalia mamba. Shamba la Mama Habiba, mjane mwenye watoto wanne, lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji. Siku ya kuvuna aliniita, akanitilia mpunga wake kiganjani.

"Puliza, Maro."

Nikapuliza. Ukaruka wote. Yalikuwa mapepe matupu, hata punje moja haikubaki. Hakunitukana. Alichukua ungo wake akaenda zake, nami nikalia mchana kweupe, mwanamume mzima.

Mzee Bonaya na wazee wenzake wameshatangulia mbele ya haki, na ngurumo ya jenereta ile naikumbuka kwa hamu mpaka leo. Wewe kesho unaanza kazi kwenye mashine kubwa kuliko yangu, basi nisikilize. Zima kwanza, hakikisha hakuna umeme, ndipo ufungue. Sugua shaba ya ncha za nyaya mpaka ing'ae. Usiruke washa hata watu wakikupigia kelele za haraka, na ukaze kwa spana inayoienea nati, bila hasira, usije ukaharibu bolti. Kisha, na hapa ndipo nilipoanguka mimi, rudi. Mashine ikishapata joto na kutikisika siku kadhaa, zima tena, kagua tena, na usiache kukagua. Asiyejua umeme akikuambia anasikia harufu, mshukuru na ukaangalie. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata mbele ya wanaokucheka.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na asijaalie mtoto wa mtu kulala njaa kwa sababu ya kazi yako.