Vidudu vya bombani vyampandisha Klaudia kilimani

Saa moja na robo asubuhi, umande haujakauka kwenye migomba ya Ijumbi, wilayani Muleba. Klaudia Rwegasira anakinga maji ya bomba kwa bilauri, anaiinua kuelekea jua na kufumba jicho moja. Nyuma yake akina mama wenye madebe wametulia kama wako kanisani.

"Leo wapo?" anauliza mmoja wao.

"Hawapo. Wamehama bila kuaga."

Wanacheka. Klaudia anapiga funda moja, kama mwenyeji wa Kihaya anavyoonja kwanza kabla ya kumpa mgeni, kisha foleni inasogea.

Klaudia ana miaka hamsini na mitatu na watoto sita. Kazi yake ni mlinzi wa bomba. Hulifungua asubuhi, huzoa tope na kuamua ugomvi wa wanaoruka foleni. Kamati ya kijiji humpa shilingi chache kwa mwezi. "Hazitoshi," anasema, "lakini wapo wanaoniachia mkungu mlangoni, na mpaka leo sijui ni nani."

Bomba lilifunguliwa mwezi wa pili. Kabla ya hapo, maji yalitoka bondeni, mwendo wa dakika arobaini kupanda na mtungi kichwani. Tangi la kilimani lilijengwa kwa msaragambo. Wanaume walichimba, wanawake wakabeba mawe. Saruji iliisha kabla ya mfuniko, wakafunika kwa mabati na kuyakandamiza kwa mawe.

Mambo yaliharibika Jumapili moja baada ya misa. Mkwewe, mume wa binti yake mkubwa, alikuja kumsalimia. Klaudia akampa maji kwenye bilauri.

"Aliitazama, akaiweka chini taratibu, akasema ameshiba," anakumbuka. "Mkwe hawezi kumlaumu mama mkwe. Nikatazama mwenyewe. Vidudu vidogo kama pumba za ulezi, vyeupe, kila kimoja na kijicho cheusi, vinarukaruka."

Kufika Jumanne kijiji kizima kilikuwa kinasema bomba linazaa. Wapo walionong'ona kwamba kuna mtu ametia dawa. Kati ya kaya themanini na sita, zilibaki tisa. Wengine walirudi bondeni, kwenye vyura, na Klaudia anaona sababu yake: "Mtungi una giza ndani. Kule tulikunywa bila kuona. Bilauri ndiyo iliyotusema."

Mwenyekiti wa kijiji, Ta Rugemalira, aliwatania: "Senene tunatafuna na matumbo yao, leo kidudu kisichofika punje ya chumvi kinatukimbiza?" Lakini naye alikuwa akimtuma mkewe bondeni.

Siku ya Jumatano akafika Burhani Uledi, fundi wa maji kutoka Bukoba, mtu mpole mwenye kofia ya kiua. Alikuwa na habari nzito. Mabomba ya kufikisha maji kwenye zahanati ya Ijumbi yalikuwa tayari, ila kijiji kingine kilikuwa kimeyaombea barua tatu. Angerudi Jumamosi. Akikuta bomba la kwanza halina watu, angeyapeleka huko.

"Mama, mimi si mkali," alimwambia Klaudia. "Ila siwezi kuyalaza mabomba hapa na wenzenu wanayalilia. Hivyo vidudu havina meno, na mkichemsha maji vinakufa. Lakini lazima vina nyumba. Itafute."

Klaudia hakulala usingizi mzuri. Mkamwana wake, Joviana, alikuwa mjamzito, na katika zahanati ile kila mzazi huja na maji yake kichwani.

Alhamisi alfajiri akapanda kilimani na vipande viwili vya khanga kuukuu. Kimoja akakifunga pale chemchemi inapoingia tangini, kingine kwenye bomba la kutokea. Alasiri akarudi. Cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili kilijaa vidudu.

"Nikajua vinazaliwa humo humo."

Akasukuma bati, akazamisha mkono. Vidole vikagusa nyasi. Zilitandikwa kwenye sakafu ya tangi vizuri, ncha zote zikitazama upande maji yanapoingilia, na vijiwe vimezishikilia.

Hakuhitaji kuuliza. Ijumbi nzima, anayetandika hivyo nyasi za kupokelea wageni sebuleni ni Ma Felicitas, mjane wa miaka themanini, anayeitwa kila penye harusi. Nyasi zake huzikata kwenye kinamasi.

"Nilikaa juu ya jiwe nikalia kidogo, kisha nikacheka," anasema Klaudia. "Nikimtaja, watamwita mchawi, na anaishi peke yake. Nikinyamaza, mabomba yanakwenda."

Akaenda kwake. Bibi akamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna.

"Ma, zile nyasi za tangini ni zako?"

"Zangu. Hukuzipenda?"

"Nzuri, Waitu," Klaudia alisema kwa heshima ya Kihaya. "Ila zimekuja na wadudu wa kinamasi."

"Siku ya msaragambo sikuweza kubeba jiwe," alisema. "Nikasema nami nifanye langu, nikapanda polepole na fimbo kabla maji hayajafunguliwa. Maji ni mgeni, tumemwita wenyewe, tumlaze kwenye saruji tupu?"

Klaudia akamwambia asiseme neno. Yeye angewaambia watu kwamba upepo ndio ulioangusha nyasi.

"Upepo haujui kupanga ncha," bibi alijibu. "Nitasema mwenyewe."

Ijumaa, mbele ya ofisi ya kijiji, Ma Felicitas alisimama na fimbo yake akaeleza yote. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Kumbe ndiye."

Ta Rugemalira akavua kofia. "Kumbe ni mimi," alisema. "Mfuniko ulikuwa kazi yangu. Mlango niliuacha wazi, mwenzetu akaingia kutandika. Ma, utusamehe."

Aliyeguna ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, na kesho yake ndiye aliyembeba bibi mgongoni kupanda kilimani, maana bibi alitaka kuona. Walikwenda watu thelathini, wakatoa nyasi, wakasugua tangi. Burhani alipofika saa tisa alikuta foleni ya watu sabini na mmoja. Alikunywa bilauri mbili, akashusha mabomba.

Sasa mtaro wa zahanati umefika hatua mia nne kati ya mia sita na arobaini. Mfuniko wa saruji umewekwa. Klaudia bado anakagua bilauri kila asubuhi na kumhimiza kila mtu achemshe. "Hata asiyeonekana yupo," anasema.

Joviana anatarajia kujifungua mwezi wa nane. Burhani amepata saruji ya kujengea bomba mlangoni mwa wodi, na Klaudia anahesabu hatua zilizobaki kila jioni.

"Nilipomzaa mume wa Joviana tulikuwa na debe moja," anasema, akifunga bomba. "La kunywa, la uji, la kumwogesha mtoto. Nilimpangusa tu kwa kitambaa. Huyu mjukuu nataka aogeshwe mpaka apige kelele, na maji yabaki."